Kisiwa Kisicho na Nyumba Kina Wenyewe

Majuma machache yaliyopita, wanafunzi wangu wanne waliniletea barua wakiniomba niitie sahihi. Walikusudia kupiga kambi kwa siku tatu katika kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Kwenye sehemu ya gharama waliandika: "Malazi: hakuna, kwa kuwa kisiwa hakina watu." Sikuitia sahihi. Nina deni la kuwaeleza sababu, na naamini maelezo hayo hayawahusu wao peke yao.

Ni kweli kwamba Misali haina kijiji. Hata hivyo, wavuvi wa Pemba wamekitegemea kisiwa hicho kizazi baada ya kizazi. Hufika na vyombo vyao, wakapiga dago, ndiyo kambi ya muda ya wavuvi, kisha wakarejea makwao. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala ili aswali. Msala ulipokosekana, alisema kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, kingekuwa msala wake. Ndiyo asili ya jina, kwa mujibu wa simulizi hiyo. Mahali penye kumbukumbu ya namna hii hapawezi kuitwa pasipo na wenyewe.

Wenyewe hao hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa kwa ajili ya hoteli. Wavuvi waliupinga, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Baadaye masheikh walishirikishwa kuwakumbusha waumini kwamba mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi, na kwamba bahari ni amana. Kwa hiyo, kanuni za Misali hazikushuka kutoka ofisini tu. Zimetokana na mabishano, subira na imani ya watu wenye njaa kama sisi, ambao walikubali sehemu ya bahari yao isivuliwe.

Sasa tujiulize hema moja linaweza kudhuru nini. Kasa na ng'amba hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Mayai hukaa mchangani kwa takriban miezi miwili, na watoto wanapototolewa huifuata nuru ya upeo wa bahari. Moto wa kambi au taa kali huwapoteza, wakaelekea nchi kavu na kufa. Kasa wa kawaida huchukua miongo kadhaa kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Usiku mmoja wa nyimbo kando ya moto unaweza kuharibu kazi ya miaka mingi kuliko umri wa mwanafunzi aliyeuwasha. Tena, kisiwa ni cha mawe ya matumbawe yenye matundu, na uchafu unaofukiwa ovyo hupenya hadi majini. Kuni zinazookotwa ni makazi ya viumbe. Maji ya kunywa lazima yabebwe, na dumu lililobebwa likiwa limejaa halina udhuru wa kutorudi likiwa tupu.

Najua hoja ya wapinzani: mvuvi analala huko, kwa nini mwanafunzi asilale? Ni hoja yenye uzito. Lakini mvuvi analala kwa riziki, na anawajibika kwa wenzake watakaomjua akikosea. Mgeni huondoka na jina lake. Ndiyo maana humpasa aombe ruhusa kwanza.

Hata hivyo, lawama zote zisiwaangukie vijana. Ndugu zangu watumishi wa umma, kanuni isiyosomeka haiwezi kutiiwa. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe bandarini kabla mtu hajapanda chombo, na kila ada iwe na stakabadhi. Zaidi ya yote, sheria isimfukuze mvuvi mwenye ngalawa huku ikimfumbia macho mgeni mwenye fedha. Siku watu watakapoona kwamba hifadhi ni uzio wa kuwazuia maskini, hakutakuwa na askari wa kutosha kuilinda.

Nimewarudishia wanafunzi wangu barua yao na masharti matatu. Waandike kwanza kwa mamlaka ya hifadhi. Wazungumze na wavuvi wanaotumia kisiwa hicho kabla ya kufunga mizigo. Na iwapo ruhusa ya kulala haipo, warudi Pemba kabla ya jua kuchwa, bila kunung'unika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana wangu wakirudi na barua iliyofuta maneno "kisiwa hakina watu", kalamu yangu iko tayari.