Usiiache Ngano Kabla Hujapimwa

Akina mama wengi wanaulizana siku hizi kuhusu ngano. Huyu amesikia kwamba mahamri ndiyo yanayomjaza tumbo. Yule ameshauriwa na jirani aache chapati mwezi mmoja aone. Mwingine binti yake hupungukiwa damu kila mara, na vidonge vya madini ya chuma havimsaidii. Miongoni mwao wamo ambao ngano haiwadhuru kabisa, na wamo ambao huenda wana maradhi yaitwayo seliaki. Kuwatofautisha ni kazi ya tabibu na maabara, si ya jirani.

Seliaki haiambukizi, wala si mzio wa kawaida. Kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba kila ipatapo gluteni, nayo ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza lishe hudhoofika na kulala, hata mtu akala akashiba na mwili wake ukabaki na njaa. Wengine huharisha, wengine hawana dalili yoyote ya tumbo, bali hupungukiwa damu, hutokwa na vidonda vya mdomo, mifupa yao hudhoofika, au mimba zao huharibika mara kwa mara. Mtoto huenda asikue kama wenzake.

Tusidhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu pekee. Duniani hukadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 100 anayo; lakini miongoni mwa Wasaharawi, ndugu zetu Waislamu wa Sahara Magharibi, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta kingamwili maalumu. Na hapa ndipo wengi wanapojiharibia: huacha ngano kwanza, wakapata nafuu, kisha ndipo wakaenda kupimwa. Gluteni ikikosekana, kingamwili hupungua na utumbo huanza kupona. Majibu yakaja kuwa huna maradhi, nawe unayo. Wataalamu hushauri mtu aendelee kula chakula chenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kipimo. Hata katika Ramadhani hilo lawezekana, kwa futari na daku. Muulize tabibu pia kama kiwango chako chote cha kingamwili aina ya IgA kitapimwa, kwa sababu wapo watu ambao aina hiyo wanayo kidogo mno tangu kuzaliwa, na kipimo huwahadaa. Damu ikionyesha dalili, mtu mzima kwa kawaida hupitishwa mpira mwembamba wenye kamera kinywani hadi utumboni, vikatwe vipande vidogo vya kuchunguzwa. Uliza bei ya hatua zote mbili mapema, upange na mume wako au na jamaa zako.

Majibu yakithibitisha, wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa nao wapimwe, kwani takriban 1 kati ya 10 katika hao huwa nayo.

Kuacha gluteni basi huwa ni kwa maisha yote, tena si kupunguza. Makombo ya mkate yatosha kudhuru. Alhamdulillahi, jiko la mwambao halimwachi mgonjwa na njaa: wali wa nazi, mihogo, ndizi, viazi vitamu, ugali wa mahindi, mbaazi, samaki, vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina wa mchele, maadamu hakuna aliyechanganya unga wa ngano. Yanayomtoka ni chapati, mahamri, kaimati, tambi, sambusa na bokoboko. La kuangaliwa zaidi ni talbina. Tunajua namna Mtume (S.A.W.) alivyoisifu kwa mgonjwa, nasi hukimbilia kumpikia anayeumwa, lakini talbina ni ya shayiri, na shayiri ina gluteni. Kumnyima mwenye seliaki talbina si kuidharau Sunna. Mpikie uji wa mchele.

Jambo zito zaidi huwa ni watu. Bibi harusi anayekataa mahamri ya mama mkwe huonekana ana kiburi. Mtoto anayekuja harusini na chakula chake huchekwa. Ni afadhali mume amweleze mama yake mwenyewe, tena mapema, kwa jina la maradhi na majibu ya hospitali mkononi, kuliko mke kujitetea mbele ya sinia.

Na majibu yakisema huna, ilhali ngano ulikuwa ukiila, usihangaike kununua unga wa ng'ambo wa bei ghali. Rudi kwa tabibu mtafute sababu nyingine: mzio wa ngano wenyewe, maziwa, minyoo, hedhi nzito.

Kwa nyumba yenye mgonjwa, tengeni karai moja. Mafuta yaliyokaangia mahamri yasikaangie mihogo yake, na kibao cha kusukumia chapati kisitumiwe kwa chakula chake.