R ileile, data ileile, majibu mawili

Leo nina neno kwa wote mnaohangaika na tasnifu, hasa sisi tunaotumia programu ya R.

Kuna ugonjwa umeingia. Skripti ikitoa jibu moja kwenye laptopu na jingine kwenye seva, mtu anachukua lile alilokuwa analitarajia, anasonga mbele. Jamani, hiyo siyo takwimu, ni bahati nasibu! Mashine mbili zikipishana, ujue kuna jambo zinakuambia.

Chukua mfano huu. Dodoso linauliza kama kaya inachemsha maji ya kunywa. Majibu yameingizwa hivi: "hapana" kwa herufi ndogo, "Ndiyo" kwa herufi kubwa. Unataka kuona uhusiano wake na siku za kuumwa tumbo. R inayapanga maneno hayo, na linalotangulia ndilo linakuwa kundi la kulinganishia. Sasa, upangaji huo unafuata mipangilio ya lugha ya mashine. Laptopu ya Windows iliyowekwa Kiingereza inapanga kama kamusi, h kabla ya N. Seva ya Linux iliyoachwa kwenye mpangilio uitwao C inafuata namba za herufi: N kubwa ni 78, h ndogo ni 104, basi "Ndiyo" inatangulia. Tuseme huku umepata -0.8, kule utapata 0.8!

Na zote ziko sahihi, maana R huandika jina la kundi kando ya namba. Balaa ni pale skripti inapochomoa "namba ya pili" na kuitupa kwenye jedwali bila jina. Msomaji ataambiwa kuchemsha maji kunaleta maradhi. Hapo si maksi tena, ni afya za watu.

Kuisaka hitilafu yenyewe si uchawi. Weka data pembeni, chapa sort(c("Ndiyo", "hapana")) kwenye mashine zote mbili, halafu linganisha sessionInfo(): toleo la R, mfumo wa kompyuta, lugha. Dawa ni kutaja mpangilio mwenyewe, factor(jibu, levels = c("hapana", "Ndiyo")), na kuita kila namba kwa jina lake.

Eti toleo jipya litakuokoa? Wapi! Tangu R 4.0.0 ya mwaka 2020, read.csv haigeuzi tena maneno kuwa makundi, lakini lm inayageuza yenyewe ikifika zamu yake.

Ndiyo maana nasema kila tasnifu ya takwimu iambatane na skripti pamoja na sessionInfo(), na iendeshwe kwenye mashine ya pili kabla ya kusainiwa. Kazi ya ziada? Ndiyo. Lakini jibu linalobadilika kwa kuhama kiti bado halijawa jibu.

Nawasilisha.