Nani wa Kwanza Kati ya Wakimbiaji Wetu?

Tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya riadha ya dunia mjini Tokyo, baraza letu la kahawa hapa Tandika lina mjadala mmoja usiokwisha: katika wakimbiaji wote ambao nchi hii imepata kuwazaa, nani wa kwanza? Vijana wanasema Simbu, na hoja yao ni fupi: ndiye aliyetuletea dhahabu ambayo hapana Mtanzania aliyewahi kuipata katika mashindano hayo. (Fabian Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005, lakini jina lake barazani hulitaja mimi tu.) Wazee wenzangu wanasema John Stephen Akhwari, na wanapolitaja jina hilo sauti zao hushuka kama watu walio msibani. Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na wazee wamekosea zaidi. Nilipolisema hilo niliambiwa kwamba mwalimu ameanza kuzeeka vibaya. Basi naliandika, ili nisikatizwe.

Kwanza nikiri kwamba kupanga watu wa zama mbalimbali kwa daraja ni kazi ngumu, hata kwa wenye kipimo. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, afisa mstaafu wa jeshi, hucheza gofu kule Lugalo. Ananiambia kwamba wenzake wana kipimo kilichokubalika, yaani mashindano makubwa manne ya kila mwaka. Jack Nicklaus alishinda 18, Tiger Woods 15. Ungedhani hesabu imekwisha. Haikwisha hata kidogo, kwa sababu wapo wanaosema kwamba kati ya 2000 na 2001 Woods alishinda yote manne mfululizo, jambo ambalo Nicklaus hakulifanya katika maisha yake yote. Ikiwa wenye rula wanagombana, sembuse sisi ambao mmoja wetu anapima kwa medali, mwingine kwa saa, na mwingine kwa machozi?

Kipimo changu ni hiki: alimshinda nani, alishinda kwa namna gani, na baada yake mbio zile zilibaki kama zilivyokuwa au zilibadilika. Kwa kipimo hicho wa kwanza ni Filbert Bayi, na wa pili hayuko karibu.

Nilikuwa mwalimu kijana, si muda mrefu tangu nitoke Chuo cha Ualimu Chang'ombe, redio ilipotuletea habari za Christchurch, New Zealand. Ilikuwa tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakimbiaji wa mbio hizo wakati ule walikuwa na desturi ya kuviziana. Hukimbia kwa kundi, kila mtu akijificha nyuma ya mgongo wa mwenzake, mpaka mzunguko wa mwisho ndipo kila mmoja afyatuke. Mtu wa kwenda mbele peke yake tangu mwanzo alihesabiwa mjinga, maana huwakinga wengine upepo kisha wakampita. Bayi alikwenda mbele tangu mwanzo. Aliwaacha kwa mita nyingi, wakamfuata, wakamkaribia, na hawakumpata. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wake mwenyewe, alikimbia kwa 3:32.5, na huo pia ulikuwa muda bora kuliko rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyokuwapo tangu 1967. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Yaani Bayi hakuvunja rekodi peke yake. Alimburuta na mwenzake akaivunja pia. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, akamnyang'anya Ryun rekodi ya maili moja vilevile, kwa 3:51.0.

Rekodi ya dunia ilidumu hadi 1979, alipoivunja Sebastian Coe kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lakini muda ule wa Christchurch ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi 2022. Miaka 48! Coe, Ovett na Cram, wote walizaliwa katika nchi za Jumuiya hiyo, na hapana aliyeuondoa katika michezo ile. Kijana anayeniambia kwamba hayo ni mambo ya kale anieleze kwa nini mambo hayo ya kale yalichukua nusu karne kupitwa.

Hapo vijana husema: "Sawa mzee, lakini dhahabu ya Olimpiki iko wapi?" Swali zuri, na jibu lake nalijua kwa sababu nililiishi. Mwaka 1976 Bayi na Walker walisubiriwa na dunia nzima huko Montreal. Tanzania haikwenda. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikagoma kushiriki na New Zealand. Niliunga mkono mgomo ule na bado nauunga mkono. Mtu asinisome vibaya. Lakini nchi iliyomwambia mkimbiaji wake abaki nyumbani kwa ajili ya heshima yetu sote, haina haki ya kumpunguzia alama miaka 50 baadaye kwa sababu hakuleta medali. Walker alishinda Montreal kwa 3:39.17. Wapo wanaosema kwamba Bayi alikuwa amedhoofishwa na malaria mwaka ule na pengine asingeshinda. Pengine. Siwezi kumpa dhahabu ambayo haikukimbiwa, ila sikubali pia kuitumia dhidi yake.

Kwa upande mwingine niseme kweli inayonichoma. Medali zetu mbili za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow 1980, yaani ya Bayi katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji na ya Suleiman Nyambui katika mita 5000, zilipatikana wakati Kenya, Marekani na wengine hawakuwapo. Anayelilia mgomo wa 1976 lazima aukumbuke na ule wa 1980. Ndiyo maana simweki Bayi juu kwa sababu ya Moscow. Namweka kwa Christchurch.

Simbu namweka wa pili, na nampigia saluti. Alianza kwa nafasi ya tano Rio 2016, akapata shaba London 2017, fedha ya Jumuiya ya Madola 2022, wa pili Boston Aprili 2025, na miezi mitano baadaye dhahabu ya Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, ikabidi picha ndiyo iamue. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia moja za sekunde, baada ya kilomita 42. Angekuwa amekata tamaa 2018 nisingemlaumu. Hata hivyo alishinda mbio kama zilivyo. Hakuzibadili.

Sasa nije kwa Akhwari, na hapa ndipo ninapogombana na wazee wenzangu, na zaidi nagombana na nafsi yangu.

Kisa kila mtu anakijua. Mexico City, 20 Oktoba 1968. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza likianza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akamaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Alipoulizwa kwa nini hakuacha alitoa jibu ambalo dunia inalikariri hadi leo, kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio tu, bali azimalize. Mwaka 2008 mwenge wa Olimpiki ulipopita hapa kwetu Temeke, kutoka stesheni ya TAZARA hadi Uwanja wa Taifa, naye alikuwa miongoni mwa walioushika. Nilisimama barabarani na wajukuu zangu nikashangilia.

Lakini muulize yeyote barazani: Akhwari alikuwa mkimbiaji wa kiwango gani? Hajui. Hapana anayejua kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mtu huyuhuyu alikuwa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Gidamis Shahanga aliposhinda dhahabu ya marathoni ya michezo hiyohiyo kule Edmonton mwaka 1978 alitumia 2:15:39. Njia hazifanani, hali ya hewa haifanani, ila mtaona ninachosema. Tulikuwa na mkimbiaji hodari, tukamgeuza kuwa hadithi ya kuchechemea. Tumemsifu kwa siku yake mbaya kuliko zote na kuisahau siku yake nzuri.

Nami nilishiriki. Kwa zaidi ya miaka 20 nikiwa mkuu wa shule nilisimama mbele ya wanafunzi mstarini na kuwasimulia Mexico City. Kabla ya michezo nilisimulia, kabla ya mitihani nilisimulia, hata siku ya kulima shamba la shule. Nilimalizia kwa "mvumilivu hula mbivu". Sikuwahi kusimulia Christchurch. Kushinda kwa kuthubutu kulionekana kwangu kama majivuno, na kuumia kwa heshima ndiko kulikofaa watoto wa maskini.

Mwaka 1986 tulikuwa na kijana wa kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita 5000. Tangu niwe mwalimu nilikuwa sijaona mtoto anayekimbia hivyo. Wiki moja kabla ya mashindano ya wilaya ya UMISSETA aliteguka kifundo cha mguu. Mwalimu wa michezo alikuja ofisini kwangu akaniomba tumtoe, kwamba mtoto ana miaka mingine mbele yake. Sikumkatalia. Nilifanya vibaya zaidi: nilimwita kijana, nikamuuliza kama anamkumbuka Akhwari. Alijibu, "Namkumbuka, Mwalimu." Siku ya mashindano alikimbia. Katika mzunguko wa nane alikuwa anaruka kwa mguu mmoja. Alimaliza wa mwisho, uwanja mzima ukasimama kupiga makofi, nami nilikuwa wa kwanza kusimama. Jumatatu nilimpa zawadi mstarini, kamusi mpya kabisa. Alikuja kuipokea akishikiliwa na wenzake wawili.

Hakukimbia tena. Kifundo kiliunga vibaya. Leo ni fundi cherehani Mbagala, ana wajukuu, na anapotembea utaona bega moja linashuka. Kila tukikutana ananiamkia kwa heshima zote, na suruali zangu anashona yeye. Ilimchukua miaka mingi kuniambia neno moja, tena bila hasira, akiwa anapima kiuno changu: "Mwalimu, siku ile ningeacha, mwaka uliofuata ningeshinda."

Sina jibu la kumpa, hadi leo sinalo. Ndiyo maana sipendi kusikia wazee wakimweka Akhwari wa kwanza kwa sababu ya goti lake. Mimi namweka wa sita, kwa sababu ya Edinburgh, na nadhani ni heshima kubwa zaidi.

Katikati mambo ni mepesi. Wa tatu Juma Ikangaa, mwanajeshi mfupi aliyekimbia marathoni kama Bayi alivyokimbia mita 1500, yaani mbele. Alishinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, na Boston akawa wa pili mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, mara ya kwanza akishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Wa nne Nyambui. Wa tano Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Edmonton na kisha mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Mtu wa aina hiyo angekuwa wa kwanza katika nchi nyingi. Binti yangu ananiuliza mbona orodha haina mwanamke. Nimemjibu kwamba Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu Berlin 2023 kwa 2:18:41, yuko mlangoni. Hakuridhika, na labda ana haki.

Orodha hiyo niliisoma barazani Jumapili iliyopita. Vijana walipiga kelele juu ya Simbu, wazee juu ya Akhwari, na muuza kahawa akataka kujua kama ninamlipa nani. Siku ya pili yake nilikwenda Mbagala kuchukua suruali, nikampa fundi wangu karatasi aisome. Aliisoma taratibu, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akafuta Bayi pale juu akaandika Ikangaa. Nilibishana naye mpaka taa zikawashwa, na hakubadili.