Waanzie Kwenye Kiwanda cha Misumari

Watoto wa shule nchini Marekani hupelekwa Monticello, katika jimbo la Virginia, kuiona nyumba ya Thomas Jefferson. Ni jambo jema, kwani historia ya mahali ulipopakanyaga haisahauliki upesi kama ile ya kukariri. Ugomvi wangu ni juu ya mahali pa kuanzia.

Wako wazazi na walimu wanaotaka mtoto aonyeshwe kwanza kuba, vitabu na bustani, kisha aelezwe Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Habari za utumwa, wanasema, zisubiri mpaka akue, zisije zikamtia simanzi na kumfanya aichukie nchi yake. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Utumwa wa Monticello haukumsubiri mtoto akue.

Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600 maishani mwake. Mwaka 1794 alianzisha kiwanda cha misumari karibu na nyumba hiyo, na mafundi wake walikuwa wavulana watumwa, wengi wao wa miaka 10 hadi 16. Yeye mwenyewe aliweka hesabu ya chuma walichopewa na misumari waliyotoa. Mmoja wa wavulana hao, Joseph Fossett, alikuja kuwa mhunzi hodari. Jefferson alipofariki mwaka 1826, wasia wake ulimwachia Fossett huru, lakini si mkewe Edith wala watoto wao. Hao waliuzwa mnadani Januari 1827, mali ya marehemu ilipouzwa kulipa madeni yake. Mwanawe Peter alikuwa na miaka 11.

Je, mwanafunzi wa miaka 11 ni mdogo mno kuyasikia yaliyompata mwenzake wa miaka 11?

Wenye kuitunza Monticello wamekwisha kufungua njia. Tangu mwaka 1993 wanawatembeza wageni kwa kuwasimulia maisha ya watumwa, na mwaka 2018 walifungua maonyesho juu ya Sally Hemings. Kilichobaki ni ujasiri wa watu wazima wanaowapeleka watoto.

Basi, mwalimu, anzia kwenye kiwanda cha misumari, ndipo upande nao nyumbani. Wakifika huko, wasomee Azimio lote. Watauliza kwa nini mwandishi wa maneno yale aliwauza watoto. Usiwanyamazishe. Mficha uchi hazai.