MIFUPA YA MANGI MELI NA DHAMIRI YETU



Wapo wanaotuambia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sisi twajibu: jeraha lenye risasi ndani halifungwi kwa kitambaa, kwanza hutolewa risasi.

Meli alirithi umangi wa Moshi mwaka 1891, akiwa bado kijana, baada ya baba yake, Mangi Rindi. Juni 1892 watu wake walilishinda jeshi la Wajerumani, na kamanda von Bülow akauawa. Agosti 1893 von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi, Moshi ikatekwa. Ikafuata kazi za lazima, na kuanzia mwaka 1898 kodi ya nyumba. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Walishtakiwa kula njama dhidi ya utawala ambao hawakuuchagua. Wazee husimulia kwamba kichwa cha Meli kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Hatumtangazi kuwa mtakatifu. Naye alipigana na Wachagga wenzake. Lakini haki ya kuzikwa si ya watakatifu peke yao. Tunawafundisha watoto kwamba kuwazika wafu ni tendo la huruma. Tobiti aliwazika ndugu zake uhamishoni, huku akijua kwamba mfalme angemwua. Sisi tunaogopa nini? Tunakiri: mapadre tumehubiri sana juu ya wamisionari waliofika Kilema mwaka 1890, tukaunyamazia mti wa kunyongea uliokuwa katika mlima huo huo.

Mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayotunza mafuvu ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewatambua jamaa walio hai wa baadhi ya marehemu, wakiwamo wa ukoo wa Akida, mshauri wa Meli. Nani basi atasema tena kwamba mifupa hiyo haina wenyewe?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Serikali ya Ujerumani igharimie utafutaji na urejeshaji, bila kuuita msaada. Serikali yetu isiwaachie wajukuu peke yao mzigo huo. Nasi Wakristo, kila tarehe 2 Machi, tuwaombee walionyongwa, na tuandike kumbukumbu za wazee kabla hawajaondoka.

Papa Paulo VI alitufundisha mwaka 1972 kwamba atakaye amani hana budi kutenda haki. Haki hiyo yawahusu hata wafu.