Chokaa, Ufunguo na Daftari la Zamu

Katika ukanda uanzao Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, na kuelekea magharibi hadi Kahama na Geita, imezuka katika miaka ya karibuni aina ya kiwanda ambayo wapangaji wa maendeleo ya viwanda hawajaizungumzia vya kutosha. Si mgodi mkubwa wenye uzio wa umeme na uwanja wake wa ndege. Ni ua wa mabati, matangi machache, jenereta, maabara ya chumba kimoja, na wafanyakazi wasiozidi idadi ya darasa moja la shule. Humo huletwa marudio ya wachimbaji wadogo, yaani mchanga uliokwisha kusagwa katika makarasha na kuoshwa kwa zebaki, ili uchenjuliwe tena kwa sianidi na kutoa dhahabu iliyobaki.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa kiwanda ni kidogo, sayansi yake nayo ni ndogo. Hilo ni kosa. Sianidi, ikisaidiwa na oksijeni, huyeyusha dhahabu ndani ya maji. Kaboni maalumu huinasa. Kaboni hiyo huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali ili iiachilie. Kisha umeme huigandisha dhahabu juu ya nyuzi za chuma, na mwisho huyeyushwa kalibuni. Ni kemia ile ile ya migodi mikubwa, na haina huruma zaidi kwa mdogo kuliko kwa mkubwa.

Kijana wa Mhunze aliyehitimu stashahada ya maabara huona moshi wa Mwadui tangu utotoni, lakini nafasi za Mwadui ni chache na waombaji ni wengi. Basi hufunga safari ya magharibi na kuajiriwa katika mojawapo ya viwanda hivi. Hukabidhiwa kipimo cha pH, daftari la zamu na koti jeupe. Kinachofuata hakikufundishwa chuoni.

Chukua mfano wa chokaa. Sianidi hukaa salama majini iwapo tu maji hayo yana ukali wa alikali. Kipimo cha pH kikishuka hadi 9.2 hivi, karibu nusu ya sianidi hugeuka kuwa haidrojeni sianidi, sumu ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu za sentigredi na kwa hiyo hutoroka hewani kwa urahisi mchana wa joto. Ndiyo maana waendeshaji makini huzuia kipimo kisishuke chini ya 10, na wengi hulenga 10.5. Kinachokizuia ni chokaa. Mawe yenye salfaidi huila chokaa hiyo kwa kasi, hata kiasi kilichotosha wiki iliyopita huenda kisitoshe leo.

Katika ua mzima hakuna kitu rahisi kwa bei kama mfuko wa chokaa, na aghalabu ndicho cha kwanza kupunguzwa na meneja asomaye safu ya bei peke yake. Hapati faida yoyote kwa kufanya hivyo, kwa kuwa sianidi iliyopaa hewani ni sianidi iliyonunuliwa. Hata akiyasahau mapafu ya watu, hesabu yake mwenyewe inamkataa. Lakini hesabu hiyo anaijua kijana wa maabara, na kijana wa maabara haulizwi.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe. Katika viwanda vingi vya namna hii uamuzi wote, kuanzia ununuzi wa pampu hadi utoaji wa glavu, umo mfukoni mwa mtu mmoja, ambaye mara nyingi ni mwenye mali au jamaa yake. Akienda Mwanza kuuza dhahabu, ghala linafungwa na ufunguo unasafiri naye. Saa nane za usiku kipimo kinaanza kushuka. Mkuu wa zamu anapiga simu, simu haipatikani. Afanye nini? Kusimamisha mtambo hana ruhusa. Kuvunja kufuli ni kuitwa mwizi. Basi anaandika 10.5 daftarini na kufungua madirisha.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya maabara akipewa daftari ambamo kila saa, mwezi mzima, pameandikwa 10.5, atatambua mara moja kwamba halikuandikwa kwa kipimo. Hakuna tangi duniani lililotulia kiasi hicho. Huenda hata kipimo chenyewe hakijasahihishwa tangu chupa za maji ya kusahihishia zilipokwisha. Nambari hiyo imeandikwa na hofu, na kila uamuzi utakaojengwa juu yake, wa kitaalamu au wa kifedha, umejengwa juu ya hofu hiyo.

Siku dhahabu itakapopatikana pungufu, daftari halitaonyesha sababu, kwa kuwa lilikwisha kudanganya. Itabaki sababu moja rahisi: wafanyakazi wameiba. Watapekuliwa mifukoni, mshahara utacheleweshwa, na aliye hodari kuliko wote ataondoka, maana yeye ndiye mwenye pa kwenda.

Asidhani msomaji kwamba maradhi haya ni ya nchi maskini tu. Mwaka 1956, katika mji wa Mountain View, California, William Shockley alianzisha kampuni ndogo ya kutengeneza transista za silikoni. Mwaka huo huo alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia, na vijana aliowakusanya walikuwa miongoni mwa hodari wa kizazi chao. Lakini aliwashuku. Mfanyakazi mmoja alipochomwa mkononi na kijipini mlangoni, Shockley aliona njama, akadai watu wapimwe kwa mashine ya kugundua uongo. Akabadili shabaha ya utafiti bila kuwasikiliza. Mwaka 1957 wanane waliondoka kwa pamoja na kuanzisha Fairchild Semiconductor. Wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, ndio walioanzisha Intel mwaka 1968. Kampuni ya Shockley haikupata faida kamwe.

Mwadui nako kuna funzo lake, ingawa ni la upande mwingine. John Williamson, Mkanada mwenye shahada ya udaktari wa jiolojia, aliugundua mgodi huo mwaka 1940 akauongoza mwenyewe kwa ujuzi usiotiliwa shaka. Alipofariki mwaka 1958 warithi wake waliuza hisa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Mgodi uliendelea, kwa sababu ulikuwa na mwamba mkubwa wenye almasi na mnunuzi mwenye nguvu. Kiwanda cha matangi manne hakina mwamba wa kukiokoa mwenyewe akiugua wiki mbili.

Tanzania imewahi kulifikiri jambo hili kwa uzito. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi na uonevu wa viongozi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimwondoa mwenye kiwanda wakakishika wenyewe. Yote hayo yalihusu heshima ya mfanyakazi, na yalistahili. Hayakugusa sana swali finyu zaidi: ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mashine usiku?

Haki itendeke kwa wenye mali pia. Wengi wameweka nyumba zao rehani, umeme hukatika, na kuna wezi wa kweli. Lakini aliyeweka rehani nyumba yake ndiye aliyepaswa kulihitaji daftari la kweli kuliko mtu yeyote.

Sheria ipo kwa kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na anayeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni vijana wangapi wanaotoka vyuoni wakiyajua haya? Vyuo, hata vyuo vikuu, vina lawama yao hapa: humfundisha mwanafunzi kupima asidi hadi tone la mwisho, wala havimfundishi kumwandikia mkuu wake barua ya kurasa moja isemayo kwamba chokaa imekwisha, na kubaki na nakala.

Mkuu wa zamu apewe ufunguo wa ghala la chokaa na ruhusa ya maandishi ya kusimamisha mtambo, bila kukatwa ujira kwa kufanya hivyo. Daftari liandikwe kwa nakala mbili, moja isitoke maabara. Na wakaguzi, wawe wa usalama mahali pa kazi au wa Mkemia Mkuu wa Serikali, wasiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani. Waombe daftari, wafungue ukurasa wa usiku wa Jumapili, wautazame kwa utulivu, kisha waulize ufunguo ulikuwa wapi.