Muziki wa wazee haungojei amani: ona Waayalandi na zumari yao

Ninyi mulio mjini na ninyi mulio chini ya hema katika kambi za wahami, leo sileti habari ya bei ya unga wala ya barabara iliyofungwa. Naleta ugomvi. Ugomvi wenyewe ni juu ya neno ambalo nimelisikia mara nyingi mno, mikutanoni na hata kwenye bomba la maji: “Watoto hawali muziki.”

Mara ya mwisho nililisikia siku mzee mmoja muhami alipoomba mahali pa kufundishia watoto lulanga, mara moja kwa juma. Hakuomba pesa. Aliomba kivuli na ruhusa. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya wakati wa amani. Mzee akachukua lulanga yake, akaenda. Mimi nilirudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo ndiyo inayosema leo.

Ninataka kuwajibu wenye neno hilo kwa habari ya inchi nyingine, ili wasiseme ninatetea kabila fulani. Inchi hiyo ni Ayalandi, kisiwa kidogo kilicho magharibi ya Uingereza.

Waayalandi wanajua njaa. Mwaka wa 1845 viazi vyao vilishikwa na ugonjwa, na viazi ndivyo vilikuwa ugali wa maskini wao. Njaa ile iliendelea mpaka 1852. Watu karibu milioni moja walikufa, wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli wakakimbia. Wakati huohuo meli nyingine zilipakia nafaka na mifugo kutoka bandari zao kwenda kuuzwa Uingereza. Anayedhani Mzungu wa Ayalandi alizaliwa ameshiba, basi hajui historia yake.

Waliokufa na waliokimbia walikuwa na chombo chao: zumari ya mfuko, inayoitwa uilleann pipes. Neno hilo uilleann kwa lugha yao ni kiwiko. Mpigaji hapulizi kwa kinywa. Anakaa kitini, anafunga mvukuto mdogo chini ya mkono mmoja, kama ule wa mhunzi, na kwa kiwiko anasukuma hewa ndani ya mfuko ulio chini ya mkono wa pili. Vidole vinacheza kwenye filimbi yenye matundu. Mirija mitatu inashika sauti moja bila kukatika. Mirija mingine mitatu ina vibonyezo, naye anavigonga kwa kifundo cha mkono. Wenyewe husema mpigaji anahitaji miaka 21: saba ya kujifunza, saba ya kujizoeza, saba ya kupiga. Sasa fikiri: chombo kinachotaka miaka 21 kitaponaje ikiwa mwalimu amekufa na mwanafunzi amekimbia?

Hakikupona chenyewe. Kiliponyeshwa na vyama vidogo vya mtaani. Mwaka wa 1898, wakati wapigaji walikuwa wamebaki wachache, wengi wao wazee na maskini, watu wa mji wa Cork walianzisha chama cha wapiga zumari. Mwaka wa 1900 watu wa Dublin wakafanya vilevile. Angalia tarehe hizo vizuri! Ayalandi ilikuwa bado chini ya Waingereza. Hawakungojea uhuru ndipo wafundishe zumari. Mwandishi wa chama kile cha Dublin, Éamonn Ceannt, alikuwa mpiga zumari, na ndiye mmoja wa wale saba waliotia sahihi tangazo la uhuru mwaka wa 1916. Waingereza walimpiga risasi. Nani atasema kwamba muziki ulimsahaulisha taabu za inchi yake?

Na kuna mwingine, ambaye sisi Wakongomani tunapaswa kumjua. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, ndiye aliyepanda mto Kongo mwaka wa 1903 kuuliza juu ya mateso ya mpira wakati wa Leopold, na ripoti yake ya 1904 iliifungua dunia macho. Mwaka huohuo wa 1904, mtu huyohuyo alikuwa kati ya waliopanga tamasha la muziki, michezo na lugha ya Kiayalandi katika mabonde ya Antrim. Alikuwa ameona mateso ya watu wetu kwa macho yake, na hakuona kwamba kusaidia tamasha la wakulima ni upuuzi. Alielewa kwamba anayetaka kumiliki watu huanza kwa kuwaambia kwamba vya kwao si kitu.

Sasa nawageukia ninyi wahami, kwa sababu kuna Mwayalandi mmoja aliye ndugu yenu kwa maisha. Jina lake Johnny Doran. Alikuwa wa jamii ya wasafiri, watu wanaohama na magari ya farasi, wanaodharauliwa huko mpaka leo. Alipiga zumari sokoni na kwenye mashindano ya farasi, akitafuta mkate wa watoto wake. Mwaka wa 1947 watu wa tume ya mapokeo walimwita wakamrekodi kwenye sahani chache tu. Mwezi wa kwanza wa 1948 ukuta ulianguka juu ya gari alimolala na familia yake, ukamvunja. Mwaka wa 1950 akafa. Zile sahani chache ndizo wanafunzi wa zumari wanazisikiliza hata leo. Wangengoja mwaka mmoja zaidi, hakuna ambacho kingebaki.

Ndiyo maana ninasema: neno “tungoje” ndilo linaloua. Linaua polepole, bila risasi, na hakuna anayeandika ripoti.

Nitamaliza habari ya Ayalandi ili muone matunda. Mwaka wa 1968 wapigaji waliobaki hawakufika mia moja. Wakakutana, wakaanzisha chama kinachoitwa Na Píobairí Uilleann. Makao yake ni nyumba namba 15, mtaa wa Henrietta, Dublin, mtaa ambao zamani familia maskini zilibanana humo, chumba kimoja kwa watu wengi. Kazi ya chama si kucheza mbele ya wakubwa. Kinafundisha. Zumari ni ghali, kwa hiyo kinaazima zumari kwa wanaoanza. Matete ya kutoa sauti yanaharibika, kwa hiyo kinafundisha kuyachonga. Mafundi walikuwa wachache, kwa hiyo kinafundisha vijana ufundi wa kutengeneza zumari yenyewe. Leo wapigaji ni maelfu, katika inchi nyingi. Mwaka wa 2017 UNESCO iliweka upigaji huo katika orodha ya urithi wa binadamu, orodha ileile ambayo rumba yetu ya Kongo iliingia mwaka wa 2021.

Na hapa naomba tusijidanganye. Juu ya rumba tulishangilia, na ilistahili. Lakini rumba ina gitaa, ina redio, ina Kinshasa. Lulanga ya Bashi ina nani? Likembe ya kijiji kilichochomwa ina nani? Ina mzee mmoja aliyeketi mbele ya hema, na mjukuu ambaye hajui hata jina la nyuzi zake.

Najua jibu litakalokuja. “Mwandishi, mtoto mwenye njaa apewe kwanza chakula.” Ndiyo, apewe! Hakuna aliyesema achukuliwe sahani apewe zumari. Lakini mzee yule hakuomba sehemu ya unga wa mtu. Kivuli cha mwembe hakipunguzi mgawo wa yeyote. Na mtoto aliyekwisha kula asubuhi, mchana wake wote anaupeleka wapi? Ninyi wazazi munajua nani anamngojea nje ya kambi, na munajua anamfundisha nini.

Wengine watasema wana vikundi vya ngoma tayari. Naviona. Mgeni akija na gari, watoto wanavalishwa majani, wanacheza, wanapigwa picha, mgeni anaondoka, majani yanatupwa. Hicho si chama, hilo ni pambo la kupokelea wageni. Chama ni mwalimu anayejulikana, siku inayojulikana, na mtoto anayerudi juma lijalo akiwa anajua kidogo kuliko mwalimu lakini zaidi ya jana.

Basi ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mradi. Wasimamizi wa kambi, toeni kivuli na saa moja kwa juma. Vijana wenye simu, mukae na mzee, mumrekodi, mumuulize jina la wimbo, nani alimfundisha, na kijiji gani. Kisha rekodi hiyo iwekwe mahali zaidi ya pamoja, maana simu inaibiwa. Wazee wetu, musingoje kuombwa mara mbili. Chukueni watoto watano, hata watatu.

Kuhusu yule mzee wa lulanga, nilimtafuta baadaye. Sasa anafundisha wajukuu wake wawili nyuma ya hema, jioni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha kosa. Ninauliza waliomkatalia kivuli: kosa lake ni lipi?